Baiskeli ya milimani isiyo na springi: Viungo vya mwendeshaji ndivyo hubeba mishtuko

BAISKELI ya milimani isiyo na springi ni ile ambayo fremu yake pamoja na foku, yaani ule uma wa mbele unaoshikilia gurudumu, ni vyuma vitupu visivyobonyea. Ndani ya foku hamna springi, mafuta wala hewa ya kupunguza makali ya jiwe au shimo. Kila kishindo cha njia hupanda kutoka kwenye tairi hadi kwenye usukani, kiti na pedali.

Hata hivyo, si kweli kwamba baiskeli ngumu ya aina hii haina chochote cha kufyonza mishtuko. Inavyo vitu viwili: hewa iliyo ndani ya matairi, na viungo vya mwendeshaji mwenyewe. Anayefahamu kazi ya vitu hivyo hupita penye mawe na mizizi pasipo madhara makubwa. Asiyefahamu hurejea nyumbani na vidole vilivyokufa ganzi, rimu iliyopinda au, vibaya zaidi, mfupa uliovunjika.

Suala hili lina uzito nchini Kenya, ambako baiskeli za mtindo huu, zikiwemo za mitumba, hutumiwa na wanafunzi, wachuuzi na vibarua kwenye barabara za changarawe. Wengi wao hawaendeshi kwa mchezo bali kwa riziki, na akiumia mwendeshaji kazi husimama.

Chimbuko

Tatizo la mishtuko ni la tangu baiskeli ilipozaliwa. Baiskeli za miaka ya 1860 zilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyozungushiwa chuma, na Waingereza wakazibandika jina la utani lenye maana ya "kitikisa mifupa".

Nafuu ilipatikana mnamo 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Belfast, aliposajili hataza ya tairi la kujazwa hewa. Robert William Thomson alikuwa tayari amesajili wazo kama hilo mwaka wa 1845, lakini ni tairi la Dunlop lililoenea. Kwa hakika, hewa hiyo ni springi, na hadi leo ndiyo springi pekee ya baiskeli ngumu.

Muda si mrefu baadaye, ilidhihirika kwamba baiskeli zenye matairi ya hewa zingeweza kwenda mbali pasipo lami. Juni 14, 1897, wanajeshi 20 Weusi wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu nchini Marekani, wakiongozwa na Luteni James Moss, waliondoka kambi ya Fort Missoula katika jimbo la Montana kwa baiskeli za gia moja. Waliwasili St Louis, Missouri, Julai 24, baada ya safari ya takriban kilomita 3,000. Palipojaa matope walishuka na kuzisukuma, na pengine walifuata njia ya reli.

Mchezo wenyewe wa baiskeli za milimani ulichipuka miaka ya 1970 katika Kaunti ya Marin, jimbo la California. Vijana wa huko walifufua baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940 zenye matairi manene, wakazipeleka mlimani na kushuka nazo kwa kasi.

Mashindano yao maarufu yalifanyika kwenye barabara ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, kuanzia Oktoba 21, 1976. Njia hiyo ilishuka takriban mita 400 katika umbali wa kilomita zinazozidi tatu kidogo. Breki zao zilikuwa za kupiga pedali kinyume, na zilipata moto kiasi cha kuyeyusha grisi yote ndani ya kitovu cha gurudumu. Ilibidi grisi nyingine ipakiwe kila baada ya mteremko, ndipo mashindano yakaitwa Repack, maana yake kupakia upya. Gary Fisher, ambaye baadaye alijulikana sana katika biashara ya baiskeli hizi, alishuka kwa dakika 4 na sekunde 22, muda ambao haukuvunjwa.

Mwaka wa 1977, Joe Breeze, mmoja wa washindani hao, alianza kuunda baiskeli mpya mahsusi kwa njia hizo. Mnamo 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, baiskeli ya milimani ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kiwandani. Zote hizo zilikuwa ngumu, mbele na nyuma.

Hata Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, ulifikiwa kileleni na baiskeli za milimani kabla ya enzi ya springi. Mwishoni mwa 1984, Waingereza wawili, Richard na Nicholas Crane, ambao ni binamu, walizifikisha zao huko juu katika safari ya kuchangisha fedha za hisani.

Mambo yalianza kugeuka mwishoni mwa miaka ya 1980. Paul Turner, Mmarekani aliyekuwa na ujuzi wa pikipiki za mashindano, alibuni foku yenye kubonyea iliyouzwa kwa jina la RockShox. Mashindano ya kwanza rasmi ya dunia yalipoandaliwa Durango, Colorado, mnamo 1990, Greg Herbold alinyakua ubingwa wa mteremko akitumia foku hiyo. Kufikia mwisho wa mwongo huo, baiskeli ngumu ilikuwa imesukumwa pembeni katika mashindano makubwa.

Kazi ya springi

Ili kuelewa jinsi ya kuendesha baiskeli isiyo na springi, sharti kwanza ifahamike springi hufanya nini. Wengi hudhani kazi yake ni kumpa mwendeshaji raha. Hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Kazi ya pili, ambayo ni muhimu zaidi, ni kulishikilia tairi ardhini. Gurudumu linapogonga jiwe hurushwa juu, na kwa muda huo mfupi haligusi chochote. Tairi lililo hewani halipigi breki wala halipindi kona. Springi hulirejesha chini upesi, ndiyo maana mwenye springi huweza kuteremka kwa kasi ambayo mwenzake mwenye baiskeli ngumu haiwezi.

Kwa hivyo, hatari kubwa ya baiskeli ngumu si maumivu ya makalio bali ni kupoteza mshiko wa njia. Mbinu zote za uendeshaji wake hulenga mambo mawili hayo: kuuokoa mwili na kulinda mshiko.

Mwili kama springi

Kanuni ya kwanza ni uzito kukaa miguuni, wala si kitini au mikononi. Anapokaribia sehemu mbovu, mwendeshaji huinuka kidogo kutoka kitini, akasawazisha pedali zote mbili ziwe katika kimo kimoja, na kukunja magoti na viwiko. Baiskeli huachwa ipande na kushuka chini yake mithili ya mashua juu ya mawimbi, huku kiwiliwili kikisalia pale pale.

Anayeketi huku akipita juu ya mawe hupigwa na kiti, na kishindo hupanda hadi kwenye uti wa mgongo. Aidha, uzito wake wote huwa umeligandamiza gurudumu la nyuma, ambalo ndilo huharibika kwanza. Naye anayesimama huku amenyoosha miguu na mikono kama vijiti hana nafuu, kwa sababu kiungo kilichonyooka hakibonyei.

Usukani nao hushikwa kama mtu anavyoshika kifaranga: usiponyoke, lakini usibanwe. Kidole kimoja au viwili hukaa kwenye mkono wa breki na vilivyosalia huzunguka mshikio. Kuukaza mkono kwa hofu huongeza mtikisiko unaofika begani na kuyachosha misuli ya kigasha mapema.

Macho hutazama mita kadhaa mbele, wala si kwenye gurudumu. Mwenye springi anaweza kukosea na foku ikamsitiri. Mwenye baiskeli ngumu hana budi kuchagua njia yake mapema, pale penye mawe machache na udongo ulioshikamana. Ndiyo sababu makocha wengi humshauri anayejifunza aanze na baiskeli ya aina hii, kwani humfunza kuisoma njia.

Breki hukamatwa kabla ya kufika penye mawe, si juu yake. Gurudumu lililofungwa na breki hukwama linapogonga kizuizi, ilhali linalozunguka huweza kukipanda. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha, lakini kwenye changarawe huminywa taratibu, kwani gurudumu la mbele likiteleza ni vigumu kuepuka kuanguka.

Mzizi au jiwe likikatiza njia, mwendeshaji huusukuma usukani chini kidogo kisha akauinua, gurudumu la mbele likapita bila kugonga. Papo hapo huegemea mbele ili la nyuma lipate kufuata likiwa jepesi. Mzizi uliolowa hupitwa kwa kuukata moja kwa moja mithili ya msalaba, kamwe si kwa mshazari, na pasipo kushika breki.

Katika mteremko mkali, kiti hushushwa kabla ya kuanza ili makalio yapate nafasi ya kurudi nyuma. Hata hivyo, kurudi nyuma kupita kiasi hulinyima gurudumu la mbele uzito na usukani hukosa utiifu. Mteremko ukiwa mrefu ni busara kusimama na kupumzisha mikono. Vidole vilivyochoka havibani breki, na hapo ndipo ajali nyingi huzaliwa.

Barabara za changarawe zina adha yake ya kipekee: vile vijituta vidogo vinavyofuatana kama mawimbi, ambavyo huchongwa na magari. Hapa dawa ni kupunguza mwendo, kulegeza mikono, kuinuka kidogo na kufuata ukingo ambako magari hayapiti sana, mradi tu mwendeshaji awe macho kwa magari yanayotoka nyuma.

Hewa ya tairi

Baada ya viungo, tairi ndilo kinga kubwa. Fremu ya chuma husifiwa kwa ulaini wake, lakini kiasi inachobonyea kwenda chini ni kidogo mno kikilinganishwa na cha tairi pana lenye hewa ya wastani. Anayetaka nafuu na aanzie kwenye tairi.

Kosa la kawaida ni kujaza hewa hadi tairi liwe gumu kama jiwe. Namba kubwa iliyochapishwa ubavuni mwa tairi ni kikomo kisichofaa kupitwa, wala si kipimo kinachopendekezwa. Mtu wa uzani wa kilo 70 anayetumia tairi la upana wa inchi 2.1 au 2.2 lenye tyubu anaweza kuanza na kati ya 25 na 35 kwenye kipimo cha PSI kilicho katika pampu, gurudumu la nyuma likizidi la mbele kidogo. Mzito, au mwenye mzigo, huhitaji zaidi.

Hewa ikipungua mno, tairi hubonyea hadi rimu ikaibana tyubu dhidi ya jiwe. Tyubu hutoboka matundu mawili yanayofanana na alama ya meno ya nyoka, na rimu yenyewe huweza kupinda. Pancha ya aina hiyo ikijirudia, ni ishara kwamba hewa haitoshi au mwendeshaji anayagonga mawe akiwa ameketi.

Upana pia una faida. Tairi la inchi 2.4 au zaidi hubeba hewa nyingi na huweza kutumiwa likiwa laini bila rimu kuguswa. Kabla ya kununua, hata hivyo, sharti ihakikishwe kwamba linaenea kwenye foku na fremu na kubakisha nafasi ya kupitisha matope.

Ukubwa wa gurudumu vilevile huchangia. Baiskeli za zamani zilikuwa za inchi 26. Nyingi za sasa ni za inchi 27.5 au 29. Gurudumu kubwa hulipanda jiwe kwa pembe ya chini zaidi, hivyo kishindo hupungua. Hii ni mojawapo ya sababu zilizowafanya baadhi ya waendeshaji wa masafa marefu kuirejelea baiskeli ngumu katika miaka ya karibuni.

Ganzi ya vidole

Madhara yanayopuuzwa zaidi ni ya mikono. Kuna mshipa wa fahamu upitao upande wa nje wa kiganja hadi kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Ukigandamizwa kwa saa nyingi juu ya usukani unaotetemeka, vidole hivyo huingia ganzi, na wakati mwingine mkono hupoteza nguvu ya kushika.

Kinga yake si ghali. Usukani huinuliwa kidogo ili uzito upungue mikononi. Mishikio minene hufungwa mahali pa iliyochakaa. Glavu zenye sponji huvaliwa. Na viganja hubadilishwa mkao kila baada ya dakika chache. Ganzi isiyoisha baada ya mapumziko ya siku kadhaa si ya kufanyiwa mzaha, na mhusika anapaswa kumwona daktari.

Rahisi ghali

Mnunuzi wa kipato cha chini mara nyingi hukabiliwa na chaguo gumu dukani. Kwa bei moja, anaweza kupata baiskeli ngumu iliyoundwa vyema, au nyingine yenye springi mbele na nyuma inayong'aa na kuvutia macho. Wengi huchagua ya pili.

Wahenga walisema rahisi ghali. Foku nyingi za bei ya chini huwa na springi ya chuma tu, bila mfumo wa mafuta wa kuizuia isirukeruke. Hubonyea, kisha humrusha mwendeshaji juu kama mpira. Isitoshe, ni nzito, hupata kutu ndani na nyingi hazina vipuri. Ikishakwama kwa kutu, mwenyewe hubaki na baiskeli ngumu iliyo nzito kuliko ngumu halisi.

Foku ngumu haina cha kukwama. Fundi wa kando ya barabara huihudumia kwa spana na grisi, na kwenye mlima haipotezi nguvu za mpandaji kwa kunesanesa. Fedha zilizookolewa hununua matairi bora na breki za kutegemewa, ambavyo husaidia usalama zaidi.

Mfano wa kutia fora ni wa shirika la World Bicycle Relief, lililoasisiwa 2005 na ambalo baiskeli zake aina ya Buffalo hutumika hata nchini Kenya. Mwasisi wake mmoja, F.K. Day, ni miongoni mwa waanzilishi wa SRAM, kampuni iliyoinunua RockShox mnamo 2002. Licha ya ujuzi huo wote wa springi kuwa mikononi mwao, Buffalo haina hata moja: ni chuma kigumu chenye kibebeo cha nyuma cha kuhimili mzigo wa kilo 100.

Anayetaka kuondoa foku ya springi iliyoharibika na kuweka ngumu anafaa kupima urefu kwanza, kuanzia ekseli ya gurudumu hadi pale foku inapokutana na fremu. Foku mpya ikiwa fupi mno, sehemu ya mbele ya baiskeli huinama na usukani huwa mwepesi kupita kiasi, jambo la hatari kwenye mteremko. Iliyo bora hukaribia urefu wa ile ya awali ikiwa imebonyezwa na uzito wa mwendeshaji.

Ukaguzi na mipaka

Kwa kuwa vyuma hupokea vishindo vyote, ukaguzi ni wa lazima. Kabla ya safari, mwendeshaji huangalia spoki zilizolegea, nyufa mahali fremu na foku zilipochomelewa, na usukani unaocheza. Foku iliyopinda kwa ajali haifai kunyooshwa na kurejeshwa barabarani, kwa kuwa chuma kilichokwisha kukunjwa huweza kukatika ghafla. Helmeti nayo haina mbadala.

Baiskeli ngumu ina mipaka yake. Haikuundwa kwa njia za kuruka kutoka kwenye majabali wala kwa miteremko ya mashindano ya kisasa. Mahali pake ni kwenye vijia vya msituni, barabara za vumbi na safari ndefu za mizigo. Barabara za Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli, ni mfano wa njia inayoifaa.

Anayeanza anashauriwa kutafuta kijia kifupi chenye mawe madogo, akipite mara kadhaa kwa mwendo wa pole, kwanza akiwa ameketi, kisha akiwa ameinuka na viwiko vimekunjwa. Baadaye apunguze hewa ya tairi kidogo kidogo na kurudia. Tofauti ataisikia viganjani, na huo ndio mwanzo wa kuijua baiskeli yake.